Bethlem ya London na Maana ya Majina ya Nyumba za Wagonjwa wa Akili

Miongoni mwa mambo yanayomvutia mwanafunzi wa lugha ni safari ya majina ya mahali. Jina huanza kwa kutaja mahali pamoja tu. Baadaye, kwa sababu ambazo si za lugha peke yake, huacha mahali pake na kuanza kutaja hali au mtu. Katika Tanzania, mtu akimwambia mwenziwe ya kuwa afaa kupelekwa Mirembe, hana haja ya kueleza zaidi. Na katika Kenya jina la Mathari hutumika vivyo hivyo. Wengi wanaoyatamka majina hayo kwa dhihaka hawajapata kuziona hospitali zenyewe. Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya nyumba moja iliyopita katika njia hiyo zamani kabla ya hizi zetu, nayo ni Bethlem ya London, kisha kutazama historia hiyo ina fundisho gani kwa watunga kamusi, wafasiri, na wote wenye kazi ya kuchagua istilahi za maradhi ya akili katika Kiswahili.

Asili ya nyumba na ya jina

Bethlem ni ufupisho wa Bethlehemu, jina ambalo kwa Kiebrania hufasiriwa kuwa nyumba ya mkate. Waarabu huuita mji huo Bayt Lahm, yaani nyumba ya nyama. Sehemu ya kwanza ya jina hilo si ngeni kwetu: neno bayt la Kiarabu hutaja nyumba na pia mstari wa shairi, na ndilo lililotupatia beti na ubeti katika elimu yetu ya ushairi.

Katika mwaka 1247, Simon FitzMary, mmoja wa wakuu wa mji wa London, alitoa ardhi yake iliyokuwa Bishopsgate, nje kidogo ya kuta za mji, ili ijengwe nyumba ya watawa waliokuwa chini ya Askofu wa Bethlehemu. Hiyo ndiyo sababu ya jina. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa ni ibada, kukusanya sadaka na kuwapokea wageni. Hapakuwa na nia yoyote ya kuwatunza watu waliorukwa na akili. Kufika mwaka 1330 nyumba ilikuwa ikiitwa hospitali. Neno hilo lisitupoteze, kwa maana zama hizo halikuwa na daktari ndani yake. Latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mgeni, na hospitali ilikuwa mahali pa kumlaza msafiri, maskini na mtu asiye na jamaa.

Ukaguzi uliofanywa mwaka 1403 ulikuta humo wanaume sita waliopotewa na akili, na orodha za vyombo vya nyumba za miaka hiyo zataja minyororo na pingu. Tangu hapo kazi ya nyumba ilizidi kuelekea upande huo mmoja. Mwaka 1547 Mfalme Henry VIII aliiweka chini ya mamlaka ya mji wa London, na wakati huo kila mtu alikwisha kujua Bethlem ni nyumba ya akina nani.

Safari ya neno

Mabadiliko ya sauti ni rahisi kueleza. Watu wa mjini walilifupisha jina refu la Kibiblia kuwa Bethlem. Sauti ya th ikawa d katika vinywa vyao, na irabu ya mwisho, isiyokuwa na mkazo, ikafifia. Ndivyo walivyopata Bedlam. Mambo ya namna hii twayaona kwetu pia: Mirembe aghalabu hutamkwa na hata kuandikwa Milembe, na jina la Mathari ya hospitali limetengana kwa herufi moja na Mathare, bonde lililo jirani yake mjini Nairobi.

Mabadiliko ya maana ndiyo yanayotaka maelezo zaidi. Neno lilipita katika hatua nne. Kwanza lilikuwa jina la nyumba moja. Pili likawa jina la nyumba yoyote ya wenye wazimu, popote ilipo. Tatu likamtaja mtu: bedlam alikuwa ni mtu aliyetoka katika nyumba hiyo au aliyestahili kutiwa humo. Nne, katika karne ya 17, likawa jina la kelele na ghasia zisizo na mpango. Hii ndiyo maana iliyobaki katika Kiingereza cha leo. Mtu aweza kulitumia neno hilo kwa kelele za watoto darasani bila ya kukumbuka hata kidogo kwamba ametaja hospitali. Shakespeare, katika mchezo wa King Lear ulioandikwa yapata 1605 au 1606, alimpa Edgar sura ya ombaomba wa Bedlam ili asitambuliwe na wanaomsaka. Mwandishi hakuwa na haja ya kuwaeleza watazamaji wake huyo ni mtu wa namna gani, kwa kuwa neno lilikwisha kuwa mali ya watu wote.

Sababu za neno kuenea

Palikuwapo nyumba nyingi za aina hii Ulaya. Kwa nini Bethlem ndiyo iliyogeuka kuwa neno? Hapana shaka ukongwe wake ulichangia, na kuwa kwake katika mji mkuu. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba nyumba hii ilikuwa wazi kwa macho ya watu kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 1676 Bethlem ilihamia Moorfields, katika jengo jipya lililochorwa na Robert Hooke, mwanasayansi mashuhuri wa zama zake. Lilikuwa jengo refu lenye fahari mfano wa jumba la kifalme. Juu ya lango lake ziliwekwa sanamu mbili za mawe zilizochongwa na Caius Gabriel Cibber: moja ya mtu aliyezama katika huzuni, na ya pili ya mtu mwenye wazimu mkali, mikono yake imefungwa minyororo. Ndani ya fahari hiyo wageni waliruhusiwa kuingia na kuwatazama wagonjwa. Walitarajiwa kutia sadaka mlangoni, na wakuu wa nyumba walitumaini kwamba huruma ingewafanya watoe zaidi. Wako walioingia kwa huruma, na wako walioingia kwa kutafuta kichekesho. Mchoraji William Hogarth alipochapisha mwaka 1735 picha zake za kijana aliyepotea kwa anasa, alimaliza hadithi ndani ya Bethlem; na katika picha hiyo ya mwisho aliwachora pia mabibi wawili waliovaa vizuri, waliofika kutazama. Mwaka 1770 ruhusa hiyo ya kuingia kiholela ilikomeshwa, nayo ilikwisha kudumu kwa muda wa vizazi vingi.

Basi twaweza kusema hivi: waliotazama walitoka nje na neno, na waliotazamwa walibaki ndani bila ya kusikilizwa. Jina la Bedlam lilitengenezwa na wageni. Halina ndani yake ushahidi hata mmoja wa aliyekaa humo.

Jambo hili lathibitishwa na habari za wagonjwa wawili. James Tilly Matthews, mfanya biashara ya chai, aliingizwa Bethlem mwaka 1797. Aliamini ya kuwa kuna watu waliokuwa wakimtesa kwa mashine iliyofichwa. Mwaka 1810 John Haslam, mtunza dawa wa hospitali, alichapa kitabu kizima kuhusu maneno ya Matthews, kwa nia ya kuwathibitishia waliomtetea kwamba hana akili timamu. Wakati huohuo palitangazwa shindano la kuchora ramani ya jengo jipya la hospitali. Matthews alipeleka michoro yake pamoja na maelezo, na wakuu wa Bethlem wakaiona inafaa kulipwa paundi 30. Mtu huyohuyo ambaye maneno yake yalichapwa kuwa ushahidi dhidi yake alikuwa na fikra za maana juu ya namna nyumba ya wagonjwa ipasavyo kujengwa.

Wa pili ni James Norris, baharia wa Kimarekani. Mwaka 1814 Edward Wakefield na wenziwe walipoikagua Bethlem, walimkuta amefungwa kwa chuma shingoni na kiwiliwilini, kwa namna ambayo hakuweza kwenda zaidi ya hatua moja kutoka kitandani pake. Alikuwa katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka tisa. Wageni hao walizungumza naye, wakaona ya kuwa alijibu maswali yao kwa utulivu. Picha yake ilichapwa na kuenea, na mwaka 1815 kamati ya Bunge ikaanza kuzichunguza nyumba za wagonjwa wa akili Uingereza. Mwaka 1816 Haslam na daktari mkuu, Thomas Monro, waliondoka katika kazi zao. Norris mwenyewe alikufa mwaka 1815.

Jina lililobaki na neno lililotengana

Mwaka huo wa 1815 Bethlem ilihamia Southwark, kusini ya mto Thames. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, chini ya uongozi wa Daktari William Charles Hood, matumizi ya pingu na vifungo yaliachwa, na vyumba vya wagonjwa vikapata picha, vitabu na maua. Mwaka 1930 hospitali ilihamia Monks Orchard, nje ya mji, ambako ipo hadi leo. Na tangu 1948 imeunganishwa na hospitali ya Maudsley. Sehemu ya kati ya jengo la Southwark ilifanywa makumbusho ya vita mwaka 1936.

Katika yote hayo, lipo jambo moja la kuzingatiwa na mwanaisimu. Hospitali haikuacha jina lake. Hata sasa yaitwa Bethlem. Kilichotokea ni kwamba jina na neno viliachana: Bethlem ni hospitali, bedlam ni ghasia. Walakini mema yaliyofanywa katika hospitali tangu wakati wa Hood hayakulisafisha neno. Neno likishatoka katika nyumba halirudi kuulizia habari za nyumbani.

Sheria nayo ilijaribu njia nyingine, yaani kubadili istilahi. Kiingereza kilikuwa kikimwita mgonjwa lunatic, neno linalotokana na jina la mwezi kwa Kilatini, kwa imani ya kale kwamba mwezi huivuruga akili. Nyumba yake iliitwa asylum. Neno hili asili yake ni ya Kigiriki, nalo lilikuwa na maana nzuri kabisa: mahali ambapo mtu hawezi kukamatwa, kimbilio. Kufika karne ya 20 maneno yote mawili yalikuwa yamechafuka, na sheria ya mwaka 1930 ikaamuru asylum iitwe hospitali ya maradhi ya akili. Kimbilio likawa neno la kuogopwa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna matendo yanavyoweza kulishinda neno.

Wala si Kiingereza peke yake. Neno bimaristan, lililoingia katika Kiarabu kutoka Kiajemi, maana yake ni mahali pa wagonjwa, na hospitali kubwa za Kiislamu ziliitwa hivyo. Ile iliyojengwa na Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilitibu maradhi ya kila namna, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao. Baadaye neno lilifupishwa kuwa maristan, na maana yake ikafinyika: likawa ni nyumba ya wenye wazimu tu. Katika Lebanoni, hospitali ya Asfuriyyeh, iliyoanzishwa mwaka 1896 na kufungwa mwaka 1982, iliwaachia watu jina ambalo mpaka sasa hutumika kwa wazimu na vurugu.

Mfano wa Afrika ya Mashariki

Nyumba za aina hii katika Afrika ya Mashariki si za kale. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mjini Nairobi, mwaka 1910, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wenye wazimu mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na yale maneno mawili, lunatic na asylum. Mwaka 1924 yaliondolewa, na nyumba ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927.

Tazama yaliyofuata. Maneno mabaya yaliondolewa katika jina la Nairobi, na jina la mahali, lisilokuwa na kosa, likaubeba mzigo wote. Mirembe nayo ikapita njia ileile: nyumba, kisha mtu wa nyumba hiyo, kisha mtu yeyote anayedhihakiwa. Hatua ni zilezile za Bedlam, ila Bedlam ilichukua karne kadhaa na hizi zetu zilichukua miaka michache.

Na hapa pia wasemaji walikuwa ni watu wa nje. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapwa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwaka 1953, ambamo aliilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 aliandika tena juu ya Mau Mau, na serikali ya Kenya ndiyo iliyokichapa kitabu hicho. Wataalamu wa baadaye waliyakataa maoni hayo. Lakini yafaa tukumbuke yalivyopatikana: kutokana na nyumba ambayo wagonjwa wake hawakuulizwa waliitaje hali yao kwa lugha zao.

Yaliyomo katika Kiswahili

Kama wangeulizwa, wangetoa maneno mengi. Wazimu ni neno la Kibantu, la shina moja na mzimu, mizimu na kuzimu. Yaelekea hapo kwanza lilikuwa ni wingi wa mzimu, na aliyesema "ana wazimu" alisema kwamba mtu huyo ana wale pepo wa wahenga. Siku hizi lachukua upatanisho wa u-, kama katika "wazimu umempanda", na asili yake imesahauliwa. Majnuni latoka Kiarabu, nalo maana yake ni aliyeingiwa na jini. Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana katika wazo moja. Punguani hutokana na kupungua. Mwehu na kuwehuka huenda pamoja. Kichaa hutaja ugonjwa na pia mgonjwa.

Katika maneno hayo zimo njia mbili za sarufi, na tofauti yake ni kubwa. Njia ya kwanza husema "ana wazimu", "ana kichaa", "amerukwa na akili", "amechanganyikiwa". Humo ugonjwa ni kitu kilichomjia mtu, kama vile asemavyo mtu kwamba ana homa. Kilichokuja chaweza kuondoka, na mtu akabaki. Njia ya pili husema "ni kichaa", "ni mwendawazimu", "ni punguani". Humo ugonjwa na mtu vimekuwa kitu kimoja. Bedlam ilipotoka katika nyumba ikawa jina la mtu, ndiyo njia hii ya pili iliyopitwa. Mirembe pia.

Kiswahili cha miaka ya karibuni kimekwisha kuonyesha ya kuwa kinaitambua tofauti hiyo. Kilema kilipoonekana kuwa neno la dharau, tulipata mlemavu. Na mlemavu nalo lilipoanza kuchakaa, tukapata mtu mwenye ulemavu. Mwenye na ana ni ndugu: yote mawili humweka mtu mbele na hali yake nyuma. Kwa hiyo istilahi kama mtu mwenye maradhi ya akili si tafsiri ya kuigiza ugenini, bali yafuata njia ambayo wahenga wetu waliifuata waliposema "ana wazimu".

Watunga kamusi basi wana kazi tatu. Ya kwanza ni kuyaandika maneno yote kama yalivyo, hata ya dharau, kwa kuwa kamusi si mahali pa kuficha. Lakini kila neno la dharau litiwe alama yake, na matumizi ya Mirembe na Mathari kuwa dhihaka yaelezwe waziwazi kuwa ni dhihaka. Ya pili ni kuzitenganisha njia mbili nilizozitaja, ili mfasiri wa sheria au mwandishi wa habari asije akaandika "ni" pale ambapo lugha yenyewe ilimpa "ana". Ya tatu, na iliyo ngumu zaidi, ni kukusanya maneno ya wagonjwa wenyewe na ya jamaa zao: wasemavyo kwamba mtu ana mawazo mengi, kwamba moyo unakwenda mbio, kwamba kichwa hakijatulia. Aghalabu hayo huachwa nje ya kamusi kwa kudhaniwa kuwa si istilahi, na hali ndiyo maneno ambayo mgonjwa humwambia daktari siku ya kwanza.

Hata hivyo, historia ya Bethlem yatuonya tusizitegemee istilahi kupita kiasi. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini asylum lilikuwa jina jema, na Bethlehemu lilikuwa jina jema zaidi, na yote mawili yalizimika kwa yale yaliyotendwa chini yake. Neno jipya hukopeshwa tu heshima, na mkopo huo hulipwa hospitalini, kwa namna mgonjwa anavyopokewa na kusikilizwa. Usipolipwa, kizazi kijacho cha wanaisimu kitakuwa na kazi ya kutafuta neno jingine. Na madhara yake hayataishia katika kamusi: mama anayeogopa mwanawe asije akaitwa wa Mirembe maisha yake yote atamficha nyumbani, na maradhi ambayo yangetibika mapema yatazidi.